Mafuta ya Bibi Mdogo

Oktoba 14

Mama Geneviève, muganga wa sante yetu, kituo cha afya, ametuagiza sisi wakandaji wa Mulongwe kila mmoja awe na kaye, daftari: aandike amechanganya mafuta gani, siku gani, na amempaka nani. "Siku mtu ataota vipele mniambie hamjui mlitia nini," alisema, "hayo mafuta nitawapaka nyinyi usoni." Basi kaye ndiyo hii. Mwandishi ni Mwamvua, miaka hamsini na moja, mikono mipana kama ya mchimba mchanga, pua ndogo yenye kiburi kikubwa. Nakanda wazazi, wazee wenye migongo na wavuvi wenye mabega.

Mchanganyo wa leo: hakuna. Mvua ya kwanza imenyesha na yadi nzima inanuka kuku aliyelowa.

Oktoba 16

Nimenunua bido la lita tano la mise kwa Itangishaka, sokoni. Mise ni mafuta ya kokwa za ngazi, yaani chikichi: meusi kama oili ya mota iliyochoka, na harufu yake ni ya nywele zilizoungulia ndani ya zizi la mbuzi. Nimekanda watu kwa mise miaka ishirini na sita na sijayazoea hata siku moja. Ngozi inayapenda, siwezi kukataa. Pua yangu haikuulizwa.

Nimeyachemsha, nikayachuja mara tatu kwa kipande cha kitenge, nikayaacha yatulie. Bado yananuka. Sasa na kitenge kinanuka, na mimi pia.

Oktoba 20

Nasoro amekuja kwangu na maneno. Nasoro ni mume wangu, anauza chaja na tochi sokoni. Mwaka juzi aliongeza bibi mdogo, Chadia, miaka ishirini na saba, akamweka katika nyumba ya pili ya yadi hiihii, hatua kumi na nne kutoka mlango wangu. Nimezihesabu. Huyo Chadia sasa tumbo limefika mlangoni kabla yake.

"Mama Abdoul," alianza, kwa ile sauti ya kuuza chaja isiyofanya kazi. "Unajua Chadia iko karibu."

"Karibu na nini?"

"Kuzala. Sasa, ile mambo ya arobaini... Weye ndiye mukandaji. Nikiita mwengine, batu batasema nini?"

"Batasema uko na bibi wawili na akili nusu."

Akacheka. Hilo ndilo linalonichosha kwa Nasoro: ukimtukana anacheka, anadhani umeshamsamehe.

Arobaini si mchezo. Mzazi anakandwa siku arobaini, asubuhi na alasiri. Maji ya moto, mafuta, kisha tumbo linafungwa kitenge kwa nguvu mpaka anaona nyota. Mara themanini nimshike mwili mwanamke ambaye mpaka leo sijapenda hata kumpa mkono wa salamu.

Oktoba 21

Sijamjibu. Amekata kucha za miguu mezani, karibu na ugali. Moja imeruka. Sijui imeangukia wapi. Sijala.

Oktoba 23

Nimelipima hili jambo kila upande na kila upande linanuka. Nisipomkanda, Mulongwe yote itasema Mwamvua ana roho mbaya. Nikimkanda akapona, watasema ni Mungu. Nikimkanda akaumwa, watasema ni Mwamvua.

Nimemwambia Nasoro ndiyo. Akasema, "Nilijua tu." Kama angekaa kimya ningemheshimu mpaka jioni.

Oktoba 26

Kama ni lazima nimkande, basi sitamkanda kwa uvundo. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya pua yangu.

Mwaka jana nilienda formasio ya siku tatu, Mama Geneviève ndiye aliyetufundisha kutoa mafuta ya majani. Tangu hapo najiona profesa. Unachukua sufuria kubwa, unatia maji chini na matofali mawili, juu ya matofali kibakuli. Unajaza majani ya mchaichai yaliyokatwakatwa kuzunguka kibakuli. Unafunika kwa mfuniko uliogeuzwa, mgongo chini, na juu yake unamwagia maji baridi. Mvuke unapanda, unakutana na baridi ya mfuniko, unalia machozi ndani ya kibakuli. Juu ya machozi hayo yanaelea mafuta, utando mwembamba wa manjano, unaufyonza kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Gunia zima la mchaichai limenipa vijiko viwili vya chai. Kuni nusu mzigo, macho mekundu, mgongo umekatika, na mkandaji wa kumkanda mkandaji hayuko. Lakini ile harufu! Nilikaa chini na kichupa puani kama mlevi.

Mchanganyo: kwa watu wazima, vijiko vikubwa viwili vya mise, matone kumi na mawili ya mchaichai. Kwa mzazi matone sita tu. Sisi huku tunataka dawa iwashe. Isipowasha tunasema imelala. Mama Geneviève alikaza: "Sita! Haiko pilipili." Na mkaratusi nimeuacha kabisa kwa sababu ya kichanga, pumzi ya mtoto mchanga haiutaki.

Nimegeuka kutafuta kizibo, nimerudi nimemkuta Nasoro amechovya kidole ndani ya chupa anapaka viatu.

Oktoba 30

Mvua. Magunia mengine mawili ya mchaichai. Nimekwisha kunuka chai.

Novemba 3

Amezaa. Amehangaika siku mbili, mwisho ametoa mtoto wa kiume, kichwa kirefu kama papai. Nilisema mashaallah kwa sauti, na papai moyoni.

Mama yake amefika kutoka Kamanyola, Bi Mwavita, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu wanne. Amenikumbatia. Ananusa ugoro. Bega langu sasa lina alama.

Novemba 4

Mkando wa kwanza. Niandike kweli au niandike adabu? Kaye ni yangu.

Chumba kimefungwa dirisha, mkaa unawaka, nje mvua, ndani jasho, maziwa yaliyomwagika, damu ya uzazi, na mzazi amelala katikati kama mkate unaoumuka. Nimewakanda wanawake mia tatu na zaidi katika hali hiyohiyo na sikuwahi kuziba pumzi. Leo nilipumua kwa mdomo. Tumbo lake lilikuwa laini, la moto kidogo, lilirudi chini ya viganja vyangu kama unga uliotiwa maji mengi. Nikafikiri: hapa ndipo Nasoro alipokuwa akiweka kichwa.

Bi Mwavita alisimama juu yangu. "Kaza, dada, kaza! Huyo haiko yai!" Kisha akachovya vidole vyake vya ugoro ndani ya bakuli langu la mafuta, mafuta ya gunia tatu, akamchora mwanawe alama kwenye paji la uso, akapiga chafya. Ndani ya bakuli.

Nimemwaga lile bakuli. Nimejificha nyuma ya jiko nikatapika kidogo. Mkandaji mkubwa wa Mulongwe.

Novemba 5

Asubuhi, alasiri. Nimepumua kwa mdomo.

Novemba 6

Asubuhi, alasiri. Mtoto amenikojolea sikioni. Sijui amefanyaje.

Novemba 8

Ziwa limepanda tena, mto nao unashuka na matope, vinakutana kwetu katikati kama wageni wawili waliokosa pa kulala. Choo cha jirani kimefurika. Kilichokuwa chini ya ardhi sasa kinatembea yadini, kinapita mlango kwa mlango. Nilivuka hatua zangu kumi na nne juu ya matofali, bakuli la mafuta kichwani, nikimwomba Mungu nisiteleze. Si kwa ajili ya roho yangu, kwa ajili ya mdomo wangu: ningeanguka ukiwa wazi, namna ninavyosema peke yangu.

Nasoro amejifungia na redio. Anasema anafuatilia habari za mvua. Angefungua mlango angeiona.

Novemba 9

Bi Mwavita anamkataza Chadia hata kukaa kitako. "Mifupa ya muzazi iko wazi kama mulango. Alale!" Analala basi, siku ya sita, kutwa kucha, kwa sababu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mvua hii hata asiye mzazi hatoki.

Novemba 12

Leo kimetokea kitu cha ajabu: tumezungumza. Bi Mwavita alikuwa nje anagombana na kuku.

"Dada," Chadia akasema, uso ukutani, "unanikanda kama unakanda unga wa jirani."

"Unataka nikukande vipi?"

"Sijui. Kama unga wako."

"Unga wangu naupiga ngumi."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema, polepole: "Najua uko na kinyaa na minye. Unafunga pua. Ukipumua kwa mudomo unatoa sauti kama mbuzi."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kwa jinsi ilivyojaa wiki hii nisingependa kuingia humo.

"Ni mise," nikasema.

"Haiko mise, Dada. Mise yako inanukia vizuri. Hata mutoto analala kwa sababu yake." Akageuza uso kutoka ukutani. "Minye sikukuchagua. Na wewe hukunichagua. Yeye ndiye alituchagua sisi, na sasa anasikiliza redio."

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Ni vigumu kumchukia mtu anayesema kitu nilichokuwa nataka kukisema mimi.

Novemba 14

Asubuhi, alasiri. Nilijaribu kupumua kwa pua. Nimeweza mpaka magotini.

Novemba 15

Alasiri nilianza na miguu, kama kawaida. Mguu wa kulia sawa. Mguu wa kushoto, chini ya goti, haukuwa mguu wa jana. Umenenepa. Ngozi imevutika, inang'aa. Nilipoweka kiganja kwenye kigimbi nikakuta moto, na ndani kitu kigumu kama kamba iliyolowa. Chadia akanyonya hewa kwa meno.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nilifikiri nimelalia."

Katika ile formasio ya mafuta, siku ya mwisho, Mama Geneviève alituambia jambo ambalo sisi wakandaji tulilicheka chini ya vitenge: "Mguu mmoja wa muzazi ukivimba na mwengine haukuvimba, ukawa na moto, ukawa mugumu, mikono juu. Damu imeganda mule ndani. Mukiisukuma itapanda mpaka kwa mapafu, na atakufia mikononi hamujafunga hata chupa." Tulicheka kwa sababu uvimbe ndio mkate wetu. Mkandaji asiyekanda uvimbe anakanda nini?

Nikaondoa mkono. Nikasema: "Huu mguu sikandi. Huyu aende sante."

Bi Mwavita akaangalia mguu, akaniangalia mimi. "Hiyo ni baridi ya mvua imeingia. Kazi yako ndiyo hiyo."

"Haiko baridi, mama. Gusa. Umeona wapi baridi ya moto?"

"Siku ya kumi na mbili, unataka atoke nje? Kwa mvua hii? Aende akafe?"

Nimejaribu kumpigia Mama Geneviève. Rezo ya simu imekatika tangu asubuhi. Nasoro amesema tungoje kesho. Nasoro angekuwa moto wa jiko, tungekula mbichi.

Novemba 16

Naandika vidole viwili vikiwa vimeungua, msomaji wa herufi hizi anisamehe, yaani mimi mwenyewe.

Mvua haikukata. Nilivuka mapema, maji yameshafunika matofali, na kila nilichokikanyaga sikutaka kukijua. Chadia mguu umeongezeka unene mpaka juu ya goti, una rangi ya biringanya kidogo. Na Bi Mwavita ameshapasha mafuta: sufuria yangu, mchanganyo wangu, juu ya mkaa, amekunja mikono ya gauni.

"Minye nimezala tisa," akasema bila kunigeukia. "Baridi inasukumwa kutoka chini, inapanda, inatokea kwa jasho. Kama weye umechoka, kaa kando."

"Bi Mwavita, ukiusukuma huo mguu, atakufa."

"Nani amekuambia?"

"Mama Geneviève."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana alijua mutoto wangu ataumwa?"

Nasoro alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama alivyo katika mambo yake yote. "Mama Abdoul," akasema, "kama una kinyaa, sema tu una kinyaa."

"Nina kinyaa! Nimekuwa nacho tangu mwaka juzi! Na wewe unanitia kinyaa kuliko choo cha jirani. Lakini huu mguu haukandwi."

"Siku kumi na mbili ulimukanda bila maneno," Bi Mwavita akasema. "Leo anaumwa kweli, ndipo mikono inaona haya?"

"Wivu," akasema Nasoro. Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma bei.

Neno hilo likakaa chumbani na sisi. Na lilikuwa kweli. Nilikuwa na wivu, na nilikuwa sahihi pia, na hakuna mtu chini ya mbingu angeweza kuvitenganisha viwili hivyo kwa kunitazama usoni.

Bi Mwavita akachota mafuta kwa kiganja, akapiga magoti.

Basi nikainyanyua sufuria juu ya mkaa, imeniunguza vidole viwili, nikaimwaga nje mlangoni. Nikarudi nikachukua chupa tatu za dirishani, nikazimwaga. Nikavuka yadi mpaka kwangu nikabeba bido, nikalifungua mbele yao, nikaligeuza. Lita kwa lita. Mafuta yakatandaza juu ya maji machafu, mvua ikayapiga, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba ianze yadi ile ikanukia mchaichai.

"Muchawi!" Bi Mwavita akapiga kelele. "Nitanunua mengine! Mise haiishi Mulongwe!"

"Nunua." Nikaenda nikakaa kitandani, mimi na kilo zangu tisini, kati yake na ule mguu. Kitanda kikalalamika. "Ukirudi utanikuta hapa. Utanikanda mimi kwanza. Nina mgongo."

Nasoro akanishika mkono anivute. Hakuniweza. Sijawahi kuushukuru ugali kama leo.

Ndipo Chadia akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote tuligeuka, labda kwa sababu tulikuwa tumesahau kwamba huo mguu una mwenyewe.

"Munipeleke."

"Weye nyamaza, mwanangu, hujui..."

"Mama, Dada huyu akimwaga tone moja anafuta na kidole anarudisha kwa chupa. Namuonaka kila siku. Leo amemwaga bido lote. Munaona mutu anamwaga mafuta yake kwa sababu ya wivu? Munipeleke."

Bi Mwavita alibaki na kiganja wazi, mafuta yakimdondokea gotini. Kisha akajifuta kwenye gauni, akavaa viatu vya plastiki, akatoka kuita watu. Alipita matope mpaka magotini, mwanamke wa miaka sitini na tano.

Vainqueur na Héritier, majirani wachimba mchanga, walimbeba Chadia katika kiti cha plastiki, miguu imeinuliwa juu ya mto wa kulalia. Maji barabarani yaliwafika kiunoni. Kulikuwa na kuku mfu, kandambili, na vingine ambavyo niliamua kuviita udongo. Bi Mwavita mbele na mtoto amemfunga kifuani chini ya basha, yaani turubai. Mimi nyuma nimeshika mgongo wa kiti. Nasoro pembeni na mwavuli, anamfunika Chadia kichwa huku mwili wote unalowa. Daraja la kwenda sante lilikuwa bado limesimama. Tulivuka.

Mama Geneviève aliangalia miguu yote miwili, hakuigusa hata kidogo, akauliza swali moja: "Tangu uvimbe huu, nani amekanda hapa?"

"Hakuna," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli," akasema Bi Mwavita, akainamisha kichwa. "Hakuna."

Mama Geneviève akaipigia simu hopitali kubwa, hapo sante rezo ilikuwepo, wakamchukua na gari.

Novemba 17

Ekografi, ile mashine ya kupiga picha ya ndani, imesema: damu imeganda, kuanzia kwenye kigimbi mpaka pajani. Dokta amesema kuganda kwa namna hiyo kukisukumwa mara moja tu kunaua. Bi Mwavita aliketi chini kwenye saruji.

Novemba 18

Sindano tumboni kila siku. Bi Mwavita analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Yeye ndiye ananyonyesha. Hapana, nimechoka, nimeandika upuuzi: anamletea Chadia mtoto anyonye. Mimi napika, nafua. Nguo za hopitali zina harufu ambayo mise ni marashi mbele yake.

Novemba 20

Nasoro ameleta ndizi mbili. Moja ameila njiani.

Novemba 22

Bi Mwavita amefua nguo zangu bila kuniambia. Nimezikuta kwenye kamba. Kuna ugoro kwenye kola. Sikuzirudia kufua.

Novemba 26

Chadia amerudi, na vidonge, na bendeji ndefu mguuni. Atembee kidogo kila siku, arobaini au si arobaini. Hakuna kukanda miguu miezi mitatu. Mulongwe yote imekuja kunitazama. Wananiita mganga. Wanawake wanne wameniomba nikawatazame miguu. Mmoja alikuwa na funza.

Desemba 3

Mvua. Mikono yangu haina kazi. Nimekata majani ya mchaichai kisha nikayaacha yakanyauka.

Desemba 9

Silali vizuri. Kila mtu ananishukuru na kila shukrani ina miiba kama samaki mgebuka.

Desemba 13

Arobaini. Wamepika pilau, wamesoma, mtoto amenyolewa, kichwa si papai tena, ni kichwa. Shehe amenitaja kwa jina katika dua. Bi Mwavita amesimama mbele ya watu na sauti yake ya watu wanne, akasema: "Huyu ni mama wa Chadia kuliko minye." Watu wakapiga vigelegele. Nikaenda nyuma ya jiko, mahali pangu pa kutapika, lakini safari hii hakikutoka kitu.

Wageni walipopungua nilivuka. Chadia alikuwa peke yake na mtoto.

"Nataka kukuambia neno," nikasema. "Siku ile ya mguu. Niliandika kwenye kaye kwamba niliondoa mkono. Niliuondoa, ni kweli. Lakini si mara moja."

Akaacha kumpigapiga mtoto mgongoni.

"Nilijua ni nini nilipougusa tu. Na nikaacha mkono palepale. Nilihesabu mpaka saba. Nikafikiri: mama yake anataka nikande, mume anataka nikande, yeye mwenyewe anataka. Nikikanda, hakuna atakayejua. Yadi itakuwa yangu. Saba, Chadia. Si kwa kinyaa. Kinyaa nilikuwa nimeshakimaliza siku ile, nilikuwa napumua kwa pua kabisa."

Nje Nasoro alikuwa anawaaga watu, anacheka. Mtoto akatoa sauti ndogo. Chadia aliniangalia kwa muda ambao mimi ningeweza kuhesabu, sikuhesabu.

"Nilikuwa nakuangalia," akasema mwishoni. "Weye unafikiri mutu anayeumwa anaangalia mguu? Anaangalia uso wa mukandaji."

"Uliona?"

"Niliona kitu. Sikujua ni nini. Nilisikia mukono wako umekuwa muzito, halafu umeondoka." Akavuta kitenge begani. "Kama ni minye nilikuwa na mikono, na weye uko na mguu, sijui ningefanya nini. Usiniulize."

"Sikuulizi."

"Vizuri."

Nilidhani ataniambia nitoke. Niliinuka nitoke. Akamchukua mtoto, akanitazama tena, akanitia yule mtoto mikononi, ile mikono, kama mtu anayekabidhi sufuria.

"Mushike. Leo arobaini imeisha, nataka nikoge maji mengi."

Akachukua sabuni na beseni akatoka, anachechemea kidogo. Mtoto alinuka maziwa yaliyochacha shingoni, kwenye ile mikunjo, na akanicheulia mkononi uji mweupe wa moto. Nilikaa naye. Nilisikia Chadia anajimwagia. Hakufanya haraka. Maji yakaisha kwenye beseni, nikasikia anakwenda kuchota mengine.